Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Mtunzaji Ni Nani?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ni methali ambayo mwanafunzi huikariri angali katika madarasa ya chini, na mwalimu huifafanua bila taabu: atendaye mema miongoni mwa watu wake hapotezi jasho lake, kwani watu wake humwona, wakamshangilia na kumtuza. Hata hivyo, methali hii ina pengo ambalo ni nadra kulidadisi. Imemtaja mchezaji na imeutaja utunzo, lakini imenyamaza kuhusu mtunzaji. Ni nani huyo akaaye kando ya uwanja akaamua kwamba huyu atunzwe na yule aende mikono mitupu? Anatumia kipimo gani? Na akipima vibaya, ni nani wa kumwajibisha?

Katika makala haya nakusudia kuyajadili maswali hayo kwa mfano wa mbali, ambao huenda ukawa mgeni kwa walimu na wanafunzi wetu, lakini wenye mafunzo tele. Nazungumzia kura inayopigwa kila mwaka nchini Marekani ya kuwachagua wachezaji na makocha wanaostahili kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Futiboli ya Vyuo.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Futiboli ya Wamarekani si kandanda tunayoijua sisi. Mpira wake una umbo la yai, hubebwa mikononi au hurushwa hewani, na wachezaji kumi na mmoja wa kila upande huvaa kofia ngumu na kukabiliana kwa vifua na mabega. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, pale Rutgers ilipoishinda Princeton kwa mabao 6 kwa 4, ingawa siku hiyo mchezo ulishabihiana zaidi na soka. Tangu hapo futiboli ya vyuo imekuwa sehemu ya maisha ya taifa lile. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan pekee huingiza watazamaji zaidi ya 100,000, na wote hao huenda kuwatazama vijana ambao kwa jina ni wanafunzi.

Mchezo wenye heshima kama hiyo haungekosa kuwa na mahali pa kuwakumbukia magwiji wake. Shirika la National Football Foundation liliundwa mwaka wa 1947, na mwaka wa 1951 likatangaza kundi la kwanza la mashujaa. Jumba lenyewe limehama mara kadhaa. Lilifunguliwa jimboni Ohio mwaka wa 1978, likahamia South Bend, Indiana, mwaka wa 1995, na tangu 2014 makao yake yako Atlanta, Georgia. Kwa mujibu wa shirika hilo, watu zaidi ya milioni 5 wamewahi kucheza futiboli ya vyuo, na katika umati huo waliotunukiwa heshima hii kama wachezaji wamepita elfu moja kwa idadi ndogo tu. Kwa hesabu ya haraka, ni mtu mmoja katika kila elfu tano hivi. Mlango ni mwembamba, na ndiyo maana anayeushika ufunguo anapaswa kumulikwa.

Je, uteuzi huendeshwa vipi? Mchezaji hawezi kufikiriwa mpaka ipite misimu kumi kamili tangu alipoacha kuchezea chuo. Aidha, ni sharti awe aliwahi kutajwa katika kikosi cha kwanza cha All-America, yaani orodha ya wachezaji bora wa nchi nzima inayotolewa na wateuzi wanaotambuliwa rasmi. Anayeendelea kucheza futiboli ya kulipwa husubiri hadi astaafu. Zaidi ya miaka hamsini ikipita, jina lake hushughulikiwa na kamati ya wakongwe. Kocha naye hupimwa kwa muda aliohudumu, idadi ya mechi na kiwango cha ushindi. Majina yakishapangwa, karatasi za kura hupelekewa wanachama wa shirika, ambao ni zaidi ya elfu kumi na mbili, pamoja na mashujaa walio hai. Kura zao hazikati shauri. Hupelekwa mbele ya jopo dogo liitwalo Honors Court, nalo hushauriana na kuwatangaza washindi. Mwaka wa 2024, kwa mfano, karatasi ya kura ilikuwa na wachezaji 78 kutoka vyuo vikubwa.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kutambua kwamba kura ya leo imefungwa na kura ya jana. Mteuzi aliyekaa na kalamu yake miaka thelathini iliyopita, akaamua ni nani bora mwaka ule, ndiye aliyefungua au kuufunga mlango wa leo. Joe Montana aliiongoza Notre Dame kutwaa ubingwa wa taifa wa mwaka wa 1977, kisha akawa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kabisa katika futiboli ya kulipwa. Hayumo katika jumba la vyuo, kwa kuwa hakuwahi kuwekwa katika kikosi cha kwanza cha All-America. Tom Brady, aliyeichezea Michigan na baadaye akatwaa ubingwa wa Super Bowl mara saba, hawezi kuingia kwa sababu iyo hiyo. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kichekesho. Mimi silioni hivyo. Jumba la vyuo linahukumu yaliyotendwa vyuoni, na sheria iliyo wazi, hata ikiwaumiza watu wakubwa, ina haki yake.

Ugumu huanza pale kipimo kinapotoka uwanjani na kuingia katika maisha ya mtu. Kanuni za jumba hili husema kwamba ingawa ustadi wa mchezaji ndio unaotangulizwa, mwenendo wake baada ya kuacha mchezo, akiwa raia, nao hutiwa katika mizani. Anatarajiwa awe ameyapeleka maadili ya mchezo katika uhusiano wake na jamii. Ni sharti la kupendeza kusikika, na mwalimu yeyote angeliunga mkono. Lakini raia mwema ni yupi? Na anayejibu swali hilo anajibu kwa dhamiri yake au kwa hofu ya zama zake?

Hapa ndipo ninapomleta Paul Robeson. Alizaliwa mwaka wa 1898 mjini Princeton, New Jersey, mwana wa mchungaji aliyewahi kuwa mtumwa na akatoroka utumwani. Mwaka wa 1915 alijiunga na Rutgers kwa ufadhili wa masomo, wakati ambapo mwanafunzi mweusi katika chuo kile alikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Alipojitokeza kuifanyia majaribio timu ya futiboli, wenzake walimvamia kwa makusudi, wakamvunja pua na kumtegua bega. Alirudi uwanjani. Mwaka wa 1916 timu ya Washington and Lee kutoka Virginia ilikataa kucheza na timu yenye mtu mweusi, na Rutgers ikamweka kando. Alivumilia hata hilo. Kufikia mwaka wa 1918 Walter Camp, aliyeheshimiwa kama baba wa mchezo huo, alikuwa amemtia katika kikosi chake cha All-America. Darasani nako hakushikika: mwaka wa 1919 ndiye aliyeteuliwa kutoa hotuba ya kuaga kwa niaba ya wahitimu wenzake.

Naam, ikiwa kuna mchezaji aliyeunganisha kalamu na mpira, alikuwa huyu. Baadaye akasomea sheria katika Columbia, akawa mwimbaji na mwigizaji ambaye sauti yake nzito ilijulikana katika mabara yote. Kwetu sisi, habari zake zina uhusiano wa karibu kuliko tunavyodhani. Alipoishi London katika miaka ya 1930 alisomea lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Katika filamu ya mwaka wa 1935 iitwayo Sanders of the River, ambayo Robeson alikuwa mwigizaji mkuu, mmoja wa walioonekana katika nafasi ndogo alikuwa Jomo Kenyatta. Filamu hiyo iliishia kuusifu ukoloni, na Robeson aliijutia. Baadaye akawa mwenyekiti wa Council on African Affairs, shirika lililoutetea uhuru wa Waafrika wakati ambapo utetezi huo haukuwa na faida kwa mtetezi.

Utetezi huo, pamoja na sifa alizoimwagia Urusi ya Kisovieti, ulimtia matatani na serikali ya nchi yake. Mwaka wa 1950 alinyang'anywa pasipoti, asiipate tena mpaka mwaka wa 1958. Sasa hebu tuzitazame tarehe. Kundi la kwanza la mashujaa wa futiboli lilitangazwa mwaka wa 1951, mwaka mmoja tu baada ya Robeson kufungiwa mipaka. Walikuwamo akina Red Grange, Knute Rockne na Amos Alonzo Stagg. Robeson hakuwamo. Hakuwamo mwaka uliofuata, wala katika muongo uliofuata, wala alipofariki dunia mwaka wa 1976. Aliingizwa mwaka wa 1995, akiwa na miaka kumi na tisa kaburini. Tangu kutangazwa kwa kundi la kwanza, ilikuwa imepita miaka arubaini na minne.

Sitaki kumpamba marehemu kwa rangi asizokuwa nazo. Kumsifu Stalin lilikuwa kosa, na wapo wapenzi wa Robeson wanaokiri hivyo. Swali langu ni jingine. Maoni ya mtu kuhusu serikali za dunia yanahusiana vipi na jinsi alivyokimbia na mpira mwaka wa 1918? Na ikiwa uraia wake ndio uliopimwa, mbona kuwatetea waliotawaliwa kulihesabiwa kuwa ila? Kinachodhihirisha upungufu wa mizani ile ni kwamba katika kundi hilohilo la 1951 alikuwamo Jim Thorpe. Huyu alikuwa Mwamerika wa asili aliyeichezea Carlisle, na mwaka wa 1913 alipokonywa nishani zake za Olimpiki kwa kuwa aliwahi kulipwa fedha kidogo kwa kucheza besiboli. Wakuu wa Olimpiki hawakubadili uamuzi wao mpaka mwaka wa 1982. Wapiga kura wa futiboli hawakusubiri. Walimwona Thorpe kuwa mchezaji hodari, wakampa haki yake. Basi uwezo wa kutenganisha uwanja na kesi walikuwa nao. Kwa Robeson hawakuutumia.

Pengine mtu atasema kwamba kosa lilikuwa la zama zile za vita baridi, na kwamba kipimo cha uraia, kikitumiwa kwa vitendo viovu badala ya maoni, hufanya kazi barabara. Na tukitazame basi. Mwaka wa 1983 kura ziliwaangukia wachezaji wawili waliokuwa wamewahi kutwaa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo. Mmoja alikuwa Billy Cannon wa Louisiana State, mshindi wa 1959, ambaye usiku wa tarehe 31 Oktoba mwaka huo alikimbia yadi 89 na mpira na kuiwezesha timu yake kuilaza Mississippi kwa pointi 7 kwa 3. Mwingine alikuwa O. J. Simpson wa Southern California, mshindi wa 1968.

Kabla Cannon hajatawazwa, alinaswa katika njama ya kuchapisha noti bandia za dola 100. Aliungama, akafungwa, na uteuzi wake ukafutwa. Simpson akatawazwa. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka wa 1994, Simpson akashtakiwa kwa mauaji ya aliyekuwa mke wake na mwanamume mwingine. Mahakama ya jinai ilimwachilia huru mwaka wa 1995. Mwaka wa 1997 mahakama ya madai ikamwona anawajibika kwa vifo hivyo, na mwaka wa 2008 akahukumiwa kifungo kwa kosa tofauti la unyang'anyi. Alifariki mwaka wa 2024, na jina lake halikuwa limeondolewa jumbani. Cannon naye, baada ya kutumikia kifungo, aliishia kuwatibu meno wafungwa wa gereza kuu la Louisiana, kazi ambayo wengi wa hadhi yake wasingeitaka. Mwaka wa 2008 alichaguliwa tena katika jumba hilo.

Nimeieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu inatufunza unyenyekevu. Wapiga kura wa 1983 hawakufanya kosa lolote kwa kadiri ya walichokijua. Waliyemwona mwadilifu walimpokea, na waliyemwona mhalifu walimkataa. Muda ukapita, kila mmoja akaendelea kuishi, na hukumu ikawa haiwaenei. Uraia wa mtu ni hadithi isiyokwisha maadamu mtu yu hai. Anayeutolea alama leo anasahihisha mtihani ambao mtahiniwa bado anauandika.

Kwa sababu hiyo, nafurahi kuona kwamba siku hizi wapiga kura wanaelekea kukumbuka kwamba kuteleza si kuanguka. Michael Vick wa Virginia Tech alifungwa mwaka wa 2007 kwa kuhusika na mashindano ya kupiganisha mbwa. Alitumikia adhabu yake, na mwaka wa 2025 alitangazwa kuwa miongoni mwa mashujaa. Reggie Bush wa Southern California aliiachilia tuzo yake ya Heisman mwaka wa 2010 baada ya kubainika kwamba alipokea manufaa yaliyokatazwa na kanuni za wakati huo. Kufikia mwaka wa 2021 kanuni zilikuwa zimelegezwa, na wanafunzi wakaruhusiwa kunufaika kutokana na majina yao. Jumba la mashujaa lilimchagua Bush katika kundi la 2023, na tuzo ya Heisman akarudishiwa mwaka uliofuata.

Lakini msamaha nao usitufanye tusahau upande mwingine, yaani wale wanaocheleweshwa bila kosa lolote. Tommie Frazier aliiongoza Nebraska kutwaa ubingwa wa taifa katika msimu wa 1994 na tena wa 1995. Katika fainali iliyochezwa tarehe 2 Januari 1996 dhidi ya Florida, alikimbia yadi 75 huku akiwaponyoka mabeki mmoja baada ya mwingine, na Nebraska ikashinda kwa pointi 62 kwa 24. Ugonjwa ulimzuia kufanikiwa katika futiboli ya kulipwa. Ikiwa kuna mtu ambaye sifa zake zote zilikuwa za chuoni, ni yeye. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa jina lake lilikuwamo katika karatasi ya kura na halikuchaguliwa. Alichaguliwa katika kundi la 2013, pamoja na Danny Wuerffel, yuleyule kijana aliyeiongoza Florida siku ile ya kipigo. Wuerffel alitwaa Heisman mwaka wa 1996, na baadaye alijitolea kuhudumia maskini wa New Orleans. Wote wawili walistahili. Ila tunabaki tukijiuliza ni kipi kilichoongezeka katika sifa za Frazier kati ya mwaka aliokataliwa na mwaka aliokubaliwa. Mbio zile za yadi 75 hazikurefuka hata inchi moja. Mchagua nazi, walisema wazee, hupata koroma.

Yupo pia mchezaji anayeachwa kwa sababu alichezea mahali pasipotazamwa. Kwa miongo mingi vyuo vikuu vikubwa vya kusini mwa Marekani havikuwapokea wanafunzi weusi, na vipaji vyao vikang'aa katika vyuo vya watu weusi ambavyo mchezo mkuu uliviona kuwa vidogo. Wachezaji wa vyuo vidogo walitengewa mlango wao wa kuingilia jumbani mwaka wa 1996, na mmoja wa waliopitia hapo mwaka huo alikuwa Walter Payton wa Jackson State. Mwaka uliofuata akaingia Eddie Robinson, kocha wa Grambling State, aliyemaliza kazi akiwa na ushindi wa mechi 408. Hawa hawakuwa wageni kwa mtu yeyote aliyependa futiboli. Kasoro ilikuwa katika mpangilio wa kura. Mpiga kura, hata awe na moyo safi namna gani, hawezi kumchagua ambaye jina lake halikuandikwa.

Kisa cha mwisho ninachotaka kukitaja kinahusu kocha. Mike Leach alizifundisha Texas Tech, Washington State na Mississippi State, na mtindo wake wa kurusha mpira mara kwa mara uliigwa na timu nyingi nchini. Alifariki Desemba 2022 akiwa na ushindi wa mechi 158 na vipigo 107, yaani asilimia 59.6. Kanuni ilidai asilimia 60. Mwaka wa 2025 shirika lilitangaza kwamba kiwango kitashushwa hadi asilimia 59.5 kuanzia kura ya 2027. Wakosoaji walisema kwamba kanuni inakatwa kama nguo kwa fundi, kumwenea mtu mmoja. Huenda ni kweli. Mimi, hata hivyo, naliona jambo hili kuwa na nafuu kubwa kuliko kisa cha Robeson. Kanuni iliandikwa, kila mtu akaisoma; ilipoonekana inabana, ikabadilishwa hadharani kabla ya kura kupigwa. Anayepinga anajua anapinga nini. Aliyemwacha Robeson nje hakuandika popote kwamba mtu mwenye maoni ya Robeson asiingie. Alinyamaza tu, na kimya hakikatiwi rufani.

Hilo ndilo ninalotaka tulishike. Dhuluma kubwa katika kura za heshima haitokani na ugumu wa masharti. Hutokana na sharti lililofichwa, ambalo mgombea halijui na mpiga kura hakiri kwamba analo. Umma hutangaziwa majina ya waliochaguliwa. Walioachwa hawaambiwi ni kwa nini. Kipimo cha uraia mwema sidhani kwamba kiondolewe. Chuo ni mahali pa malezi, na taasisi ya malezi isiyojali tabia itakuwa imejisahau. Lakini naamini kipimo hicho kiwekewe mipaka mitatu. Mosi, kipime vitendo vilivyothibitika, na kisiguse imani wala siasa ya mtu. Pili, anayekataliwa kwa ajili yake aelezwe sababu. Tatu, mlango usipigiliwe misumari, kwani binadamu hubadilika, na zama nazo hubadilika.

Walimu wenzangu na wanafunzi, msidhani kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Kila shule yetu ina jumba lake dogo la mashujaa. Kuna siku ya kutoa zawadi, kuna ubao wenye majina ya viranja na manahodha wa timu, na kuna cheti cha mwanafunzi mwenye nidhamu bora. Walimu huketi katika chumba cha mikutano wakapiga kura, mara nyingine kwa kuinua mikono. Ni mara ngapi mwanafunzi aliyekimbia kuwashinda wenzake wote hukosa kikombe kwa sababu aliuliza swali lisilompendeza mkubwa? Ni mara ngapi mtiifu asiye na kipaji hutunukiwa kwa kuwa hajawahi kumsumbua mtu? Na ni mara ngapi majina ya wasichana, au ya watoto wa bweni la mbali, hayafiki hata kwenye orodha inayopigiwa kura?

Jambo hili si dogo. Mtoto aliyenyimwa haki yake mbele ya mkutano wa shule hujifunza somo ambalo hakuna kipindi cha maadili kitakachomfuta. Wenzake waliokaa kwenye viti wakitazama hulisoma pia. Hujifunza kwamba juhudi ni kazi bure, na kwamba la maana ni kupendwa na anayeishika kalamu. Wakifika ukubwani, wakapewa wao kalamu hiyo katika ofisi, katika kamati na katika vituo vya kupigia kura, wataitumia kama walivyofunzwa.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kutoa zawadi ijayo, nawasihi walimu waandike vipimo vyao na kuvibandika ukutani mapema, ili mwanafunzi ajue anahukumiwa kwa lipi. Waorodheshe kwanza kila anayestahili, ndipo wachague. Na kila mwalimu anayeinua mkono ajiulize kama angeweza kuisema sababu yake mbele ya yule mtoto anayemwacha. Sababu isiyoweza kutamkwa mbele ya mhusika haifai kuwa msingi wa kura.

Nao wanafunzi nawakumbusha kwamba Robeson hakungoja kutunzwa ndipo acheze. Alicheza, akasoma na kuyasema aliyoyaamini, huku jumba la mashujaa likiwa limemfungia mlango. Ni juu yetu sisi tulio wakubwa kuhakikisha kwamba anayecheza vizuri leo anatunzwa angali na macho ya kuona na masikio ya kusikia anaposhangiliwa.